Mtindo wa Ulaya Chini ya Jua la Bujumbura

Askari na polisi hukaa sehemu kubwa ya maisha yao katika nyumba zisizo zao. Leo wako katika kota za kambi moja, mwakani wamehamishiwa kwingine, na mke na watoto hufungasha vyombo na kufuata. Siku ya kustaafu inapowadia, ufunguo hurudishwa kwa mwenyewe na familia huhitaji paa lake yenyewe. Nyumba hiyo aghalabu hujengwa mara moja tu, kwa akiba ya miaka ishirini au zaidi. Ikikosewa, hakuna akiba ya pili ya kuirekebisha.

Katika miaka hiyo ya kungoja, wengi hutunza picha ya nyumba waitakayo. Picha yenyewe mara nyingi imetoka Ulaya, au imechorwa kwa kufuata mitindo ya huko: paa lililosimama kama mlima, nguzo nne mbele ya mlango, madirisha mapana ya vioo, jiko dogo la ndani lenye makabati ukutani. Makampuni ya ujenzi nayo hutangaza mitaa mizima iliyopangwa kwa namna hiyo. Kupenda kitu kizuri cha mgeni si kosa. Hata hivyo, kila kilichomo katika nyumba ya Ulaya kiliwekwa kwa sababu fulani, na huenda sababu hiyo imebaki kule kule kilikotoka.

MTAA UNAOITWA OCAF

Jijini Bujumbura somo hili halina haja ya kutafutwa mbali. Kaskazini mwa jiji, jirani na Zone Industrielle yenye kiwanda cha bia cha Brarudi, viwanda vya sabuni, karakana na maghala, uko mtaa wa Ngagara. Wakazi wengi wa jiji bado huuita OCAF. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Ofisi ya Miji ya Waafrika, shirika lililoundwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji mwaka 1952 ili kujenga nyumba za wafanyakazi katika miji ya Kongo, kama Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville na Bukavu, na pia katika mji wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi mwaka wa uhuru, 1962.

Mitaa mingine ya Waafrika, kama Buyenzi na Bwiza, ilikuwa imepimwa kwa mistari iliyonyooka, na kila mtu alipata kiwanja akajijengea kwa kadiri ya uwezo wake. Ngagara ilikuwa jambo jingine. Hapo shirika lenyewe lilichora ramani, likajenga kuta na mapaa, na mkazi akakuta nyumba iliyo tayari kwa kuhamia. Mtaa uligawanywa katika sehemu zenye namba, na sehemu hizo zinatajwa kwa namba zake mpaka leo. Katika miji yote shirika hilo lilikojenga, desturi yake ilikuwa kuchanganya nyumba za namna mbalimbali: nyingine zimesimama peke yake, nyingine zimeungana mbili mbili au kwa mstari, kila moja na kipande chake cha bustani. Shule, soko na zahanati vilipangiwa nafasi ndani ya mtaa.

Kazi hiyo haikuwa hisani tupu. Viwanda vilihitaji wafanyakazi wanaolala karibu na wenye afya ya kurudi kazini kesho yake. Tena, mpango ule ule ulitenga watu kwa rangi: Wazungu walikaa Rohero na katika miinuko ya Kiriri, na Waafrika wakawekewa mitaa yao. Ubaguzi huo ulikwisha pamoja na ukoloni. Nyumba na barabara zikabaki, na wananchi wakaendelea kuzitumia kwa namna yao.

WAZO LILIKOANZIA

Mafundi wa OCAF hawakubuni mpango huo kutoka hewani. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu kilichoeleza mji wa namna mpya, mji wa bustani. Wakati huo wafanyakazi wa London na miji mingine ya viwanda walisongamana katika vyumba vyenye giza, moshi na maradhi. Howard alitaka nyumba, bustani, shule na maduka viwe pamoja, na viwanda viwekwe ukingoni, karibu na reli, ili mtu aende kazini kwa miguu bila kulala ndani ya moshi. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903. Mmoja wa wachora ramani wake, Raymond Unwin, alishikilia kwamba ekari moja isibebe zaidi ya nyumba 12, yaani kiasi cha nyumba 30 kwa hekta.

Ubelgiji ililichukua wazo hilo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambavyo viliacha vijiji vingi vikiwa magofu. Mwaka 1919 iliunda shirika la taifa la nyumba za bei nafuu, na kuanzia miaka ya 1920 vitongoji viwili vinavyopakana, Le Logis na Floréal, vilijengwa pembezoni mwa Brussels. Hadi leo mgeni huvitambua kwa rangi: mbao za milango na madirisha ya Le Logis zimepakwa kijani, na za Floréal zimepakwa manjano.

Wazo hilo hilo lilifika sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki kwa njia ya Waingereza. Mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa kwa nyumba fupi zinazozunguka viwanja vya majani. Huko Kampala, mchora ramani Mjerumani Ernst May, aliyekwisha kujenga vitongoji mashuhuri katika mji wa Frankfurt kati ya mwaka 1925 na 1930, alitengeneza mpango wa upanuzi wa mji uliokamilika mwaka 1947.

Faida ya mitaa hii haikuwa katika sura ya kuta zake. Ilikuwa katika nafasi kati ya nyumba na nyumba, hewa inayopita, njia ya maji machafu, miti, na shule ambayo mtoto huifikia bila kuvuka barabara kuu. Hayo ndiyo mambo ambayo familia inayonunua kiwanja leo ingeyatafuta kwanza, nayo hayaonekani katika picha ya nyumba.

JIKO LA MTU MMOJA

Mapungufu nayo yalikuwapo. Ramani nyingi za OCAF zilichorwa kwa ajili ya mume, mke na watoto wao peke yao, kwa sababu hiyo ndiyo familia waliyoijua wachoraji. Hazikumwona bibi aliyekuja kutoka mlimani kutibiwa, wala mpwa aliyeletwa mjini kusoma. Ndiyo maana nyuma ya nyumba nyingi za Ngagara kumeongezwa vyumba. Bustani ya mchoraji imekuwa chumba cha shangazi, au chumba cha kupangisha ili ada ya shule ilipwe. Wakazi hawakuharibu mpango kwa ukaidi. Walikuwa wakimalizia kile ambacho ramani ilikisahau.

Jiko ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko chumba kingine chochote. Mwaka 1926, katika kazi ile ile ya Ernst May huko Frankfurt, mwanamke wa Austria aliyekuwa mchora ramani, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo lenye upana wa chini ya mita 2 na urefu wa karibu mita 3 na nusu. Alizihesabu hatua za mama wa nyumba, akaangalia jinsi wapishi wa mabehewa ya reli wanavyofanya kazi mahali pafinyu, kisha akapanga sinki, meza, makabati na jiko la gesi ili kila kitu kifikiwe kwa mkono. Maelfu ya majiko hayo yalijengwa. Makabati ya ukutani yanayoonekana leo katika picha za nyumba za kisasa ni wajukuu wa jiko hilo.

Kwa mwanamke wa Frankfurt aliyepika peke yake kwa gesi, ilikuwa nafuu kubwa. Lakini jiko la Bujumbura lina kazi nyingine. Sombe hutwangwa kwenye kinu, na mchi huhitaji nafasi na mtu wa kupokezana. Maharage huchemka kwa saa nyingi juu ya makaa. Binti, wifi na jirani huingia na kutoka, na siku ya msiba au arusi sufuria huwa kubwa kuliko jiko lenyewe. Mke anapooneshwa ramani ya aina hiyo na kuuliza, "Baba Amina, na moshi utatokea wapi?" haulizi swali dogo. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua watu waliolala. Kabla ya kuua, moshi wa kila siku huumiza mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Yafaa jiko dogo la ndani liwepo kwa chai na kwa siku za gesi au umeme, na jiko la pili liwe uani: paa, kuta mbili au tatu zenye matundu, sakafu ya saruji na mahali pa kinu. Nyumba ya Kiswahili ya pwani ililijua hilo zamani. Ina baraza mbele kwa wageni, ukumbi katikati wenye vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma kwa kazi za nyumbani. Mtu mzima anaweza kupika, kufua na kuzungumza bila kuonekana na kila apitaye barabarani.

Zanzibar ilipata somo kama hilo kwa njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walisaidia kupanga majumba ya ghorofa ya Michenzani, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 300. Familia nyingi zilipata nyumba imara kuliko zile walizotoka. Hata hivyo, watu waliozoea baraza na ua walijikuta juu hewani, na maji yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo zilibebwa kwenye ngazi. Kuta zilikuwa nzuri, lakini ukuta peke yake hauteki maji.

JUA LA BRUSSELS NA JUA LA BUJUMBURA

Tofauti kubwa kuliko zote iko angani. Mjini Brussels, adhuhuri ya mwezi Desemba, jua huinuka nyuzi 16 tu kutoka upeo wa macho. Joto ni kitu cha kutafutwa. Dirisha pana la kioo hulikaribisha jua hilo hafifu ndani ya chumba, na paa kali huporomosha theluji isije ikarundikana na kuvunja boriti.

Bujumbura iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa Ikweta, katika bonde la Rusizi kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 63 mwaka mzima. Linapiga paa moja kwa moja, na asubuhi na jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi. Kioo kipana upande wa magharibi hugeuza sebule kuwa tanuri kuanzia saa tisa alasiri. Mwenye nyumba hununua kwanza kioo, kisha pazia zito la kukizuia, kisha feni, na mwisho analipa umeme wa kuondoa joto alilolinunua mwenyewe.

Nyumba inayolijua jua hili hutazamisha kuta zake ndefu kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi. Upenu wa paa hutoka nje kwa mita moja hivi. Upenu wa kiasi hicho hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta wa kaskazini wakati wa adhuhuri ya Juni, na huuepusha ukuta na mvua ya masika. Madirisha huwekwa yakielekeana, kwa kuwa mchana upepo huvuma kutoka ziwani na usiku hushuka kutoka milimani. Dirisha moja bila mwenziwe haliwezi kuupitisha upepo huo. Chini ya bati huwekwa dari, na kati ya bati na dari huachwa matundu yenye wavu ili hewa ya moto itoke na popo wasiingie.

MITINDO INAYOPENDWA

Mtindo wa Kiingereza wa kale, wenye mbao nyeusi zilizopitishwa juu ya kuta nyeupe, ulizaliwa wakati mbao hizo zilipokuwa ndizo mifupa ya nyumba. Siku hizi hupigiliwa juu ya tofali kwa urembo tu, na mchwa huzifurahia. Paa lake kali hula mbao nyingi za kenchi, na theluji haipo.

Nguzo za mtindo wa Kirumi, zikiwa zimebeba paa la varanda pana, zina kazi, maana varanda hutia kivuli. Zikiwa zimesimama mbele ya mlango na kubeba kipande cha zege kisichofunika hata kiti, huwa zimekula saruji na nondo za chumba kizima cha mtoto.

Paa bapa la zege, lililopendwa na wajenzi wa Ulaya wa karne ya ishirini, hupendeza likiwa jipya. Lakini hukusanya joto mchana na kulirudisha chumbani usiku, na mteremko wake ukikosewa kidogo maji hutuama na kuvuja. Mwenye kulitaka hana budi kuwa na fundi hodari na fedha za kulitunza kila mwaka.

Mtindo wa Kihispania, wenye vigae vyekundu na ua wa ndani, uko karibu zaidi na mazingira haya. Hispania ya kusini ina joto, na nyua zake za ndani zina urithi wa Waarabu waliokaa huko kwa karne nyingi. Hata nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina uwazi wa ndani unaoleta mwanga na hewa bila kuifungua familia kwa macho ya wapita njia. Jambo la kuangalia ni uzito: vigae ni vizito kuliko bati, na kenchi zilizopigiwa hesabu ya bati hulemewa.

ARDHI HUULIZWA KABLA YA RAMANI

Picha ya nyumba haioneshi udongo uliyo chini yake. Bujumbura imebanwa kati ya milima na ziwa, na mito kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi wakati wa mvua. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mafuriko yalipiga mitaa ya kaskazini, ikiwamo Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwaondoa maelfu ya watu katika makazi yao huko Gatumba. Nguzo za Kirumi hazikuuliza maji yanapita wapi, na maji hayakuziuliza nguzo ruhusa.

Kwa hiyo kiwanja hutembelewa wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi peke yake. Majirani wa zamani huulizwa maji yalifika wapi. Ukingo wa mto unaomomonyoka haujengwi, hata kama bei yake ni ya kutupa. Aidha, hati na kibali huhakikishwa katika ofisi za serikali zinazohusika kabla ya tofali la kwanza. Anayejenga karibu na Zone Industrielle au eneo jingine la viwanda huangalia pia upepo unapeleka moshi upande gani, na malori hupita njia ipi watoto waendapo shule.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Mume na mke wakae pamoja na karatasi, wala si na picha. Waandike kwanza watu watakaolala katika nyumba hiyo, pamoja na wageni wa kawaida. Waandike kazi zitakazofanyika: kupika, kufua, kusoma, kuswali au kusali, kushona, kuuza bidhaa dirishani. Wachore kiwanja na kuonesha mahali jua linapochomoza, upepo unapotoka na maji yanapoteremkia. Choo na shimo lake viwekwe mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko.

Kisha wachague vyumba vya kuanza navyo. Nyumba nzuri kwa mtu wa mshahara ni ile inayoweza kuanza na vyumba viwili na kuongezwa bila kubomoa. Wakazi wa Ngagara waliongeza vyumba kwa kubanana kwa sababu mchoraji hakuwaachia nafasi. Anayejenga leo anaweza kuiacha nafasi hiyo tangu siku ya msingi. Fedha zigawanywe kwa mpango huu: msingi, kuta, paa, maji na choo vitangulie. Urembo uje mwisho, nao ukikosekana hakuna atakayelowa.

Baada ya hayo yote, kama bado kuna akiba na moyo unapenda vigae vyekundu au milango ya kijani kama ile ya Brussels, na viwekwe. Rangi ya mlango haimdhuru mtu. Wazo la mji wa bustani lilivuka bahari kwa sababu lilijali pumzi ya mfanyakazi na mtoto wake, na hilo ndilo linalostahili kuazimwa. Sura ya nyumba hutazamwa na wapita njia kwa dakika moja. Joto lake, moshi wake na maji yake hukaa na wenyewe usiku na mchana.